Je, Kuwa na Motokaa ya Fahari ni Dhambi?



Baada ya Sikukuu ya Mavuno iliyopita, kijana mmoja wa darasa la Kipaimara alitujia nyumbani wakati wa jioni. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Nina swali. Ile motokaa iliyokuja kanisani Jumapili, kuwa nayo ni dhambi?" Tulimjibu upesi, kama walimu wafanyavyo wanapoulizwa jambo wasilolitayarisha, kwamba si dhambi kuwa na kitu, bali ni dhambi kukipenda kitu kuliko watu. Kijana alishukuru, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Jibu letu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa la kukwepa, maana kijana hakuuliza juu ya vitu kwa jumla. Aliuliza juu ya motokaa ile, na juu ya mambo yaliyotokea siku ile, ambayo naye aliyaona. Basi tumemwomba Kasisi atupe nafasi katika gazeti letu ili tumjibu tena, polepole, na mbele ya ninyi nyote.

Wengi wenu mliiona. Ilikuwa nyeusi, ndefu, ya chini, yenye milango minne na nyota puani. Ilisimama chini ya mwembe, nasi tulijiona usoni mwake kama katika kioo. Huku kwetu Mpanda hatukuzoea motokaa za namna hiyo. Mkubwa akija hapa huja na lile gari refu la kupanda milima, ambalo watu huliita shangingi, kwa sababu njia zetu zina mashimo na masika ina matope. Lakini sasa lami imefika kutoka Tabora kwa njia ya Koga na Inyonga, na kutoka Sumbawanga pia, basi hata motokaa ya chini yaweza kufika mjini kwetu bila kuacha tumbo lake njiani.

Kwanza yatupasa tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Motokaa hizi za fahari ni kazi ya mikono na akili ya watu hodari sana. Chukueni mfano wa ile Bentley ya Uingereza iitwayo Flying Spur, umbo lake lililotolewa mwaka 2019. Ni motokaa ya milango minne, ya kuketisha abiria kwa raha, na ndani yake kuna ngozi na mbao kama sebule ya tajiri. Hata hivyo, ile yenye injini ya silinda 12 ina nguvu ya zaidi ya farasi 600, huanza kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde nne hivi, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 333 kwa saa. Sasa linganisheni na kibao kilichosimamishwa kila kijiji njiani, kinachosema kilomita 50. Maana yake ni kwamba mwenye motokaa hiyo amenunua mwendo ambao hataweza kuutumia katika nchi yetu hata siku moja, na akiutumia atashtakiwa, au atazikwa.

Hapo mtu atasema, "Huo si ni upuuzi?" Tusiseme hivyo haraka. Mwanamke anunuapo vitenge vitatu na kuvaa kimoja, hatumwiti mpuuzi. Msukuma mwenye ng'ombe mia mbili hawezi kuwala wote, wala hatumwiti mpuuzi. Mwanadamu hupenda ziada. Hupenda kitu kizuri kwa sababu ni kizuri. Fundi aliyeshona ngozi ile kwa uangalifu alifanya kazi ya heshima, kama fundi aliyechonga mimbari yetu. Tena, mtu akiwa amepata fedha zake kwa jasho la haki, akalipa kodi ya mapato, akalipa ushuru bandarini, akamlipa dereva wake mshahara kila mwezi, nani atasimama amhukumu? Sisi tuliofundisha shule kwa miaka thelathini na zaidi tulipanda baiskeli, lakini tusijidanganye kwamba baiskeli ilitufanya watakatifu. Tuliwahi kuiosha baiskeli ile kila Jumamosi na kuwakataza watoto wa jirani wasiiguse. Choyo huenea hata juu ya magurudumu mawili.

Basi, dhambi, kama ipo, iko wapi? Hebu tutazame historia yetu wenyewe, maana Waafrika wa Mashariki tumelifikiri jambo hili kwa muda mrefu.

Baada ya Uhuru, watu wa nchi hizi walibuni jina la kabila jipya, Wabenzi. Kabila hilo halikuwa na kijiji wala lugha yake. Lilitambulikana kwa motokaa ya Mercedes-Benz. Jina lilikuwa la mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na uchungu, maana watu waliona kwamba waliopigania Uhuru pamoja nao wamefunga vioo na kupita bila kusalimu. Wajerumani walikuwa wakiunda motokaa kubwa iliyoitwa Mercedes 600, tangu mwaka 1963 hadi 1981. Vioo vyake na viti vyake viliendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa katika mabomba membamba. Miongoni mwa waliokuwa nazo ni Idi Amin wa Uganda na Mobutu wa Zaire. Hatuhitaji kueleza hali ya barabara na hospitali walizowaachia raia wao.

Hapa Tanzania tulikuwa na Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wazee wenzetu wanakumbuka masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Tuliyakariri masharti hayo katika masomo ya siasa. Lakini angalieni: katika masharti yale halimo neno motokaa. Waandishi wake hawakukataza chuma wala magurudumu. Walikataza njia ambazo mtu huzitumia kuishi kwa jasho la mwenzake. Masharti yale yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na mabishano juu ya jambo hilo hayajaisha hata leo. Sisi hatutaki kuyaamsha hapa. Twataka tu kuonyesha kwamba wale waliolifikiri neno hili kwa makini waliuliza kwanza, "Imepatikanaje?" Hawakuanza kwa kuuliza, "Inang'aa kiasi gani?"

Mkifika Dar es Salaam, ingieni katika Makumbusho ya Taifa. Humo imo motokaa ya Rolls-Royce iliyotumiwa na watawala wa Kiingereza, na baadaye ikatumiwa na Mwalimu Nyerere. Imo pia Austin ndogo ya siku za TANU. Mtu yule yule mmoja alipanda zote mbili. Na mwaka 1967 alitoka Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, zaidi ya maili mia moja, kuliunga mkono Azimio. Twaona kwamba Rolls-Royce haikumzuia kushuka. Huo ni ushuhuda wa kutosha kwamba ugonjwa hauko katika kiti cha ngozi. Uko kwa yule ambaye hawezi tena kuondoka juu yake.

Mfano mwingine watoka kwa jirani zetu wa Kaskazini. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa na motokaa nyingi za fahari, za Kiingereza na za Kijerumani. Tarehe 12 Septemba 1974 askari walimtoa katika jumba lake, wakampakia katika Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo na milango miwili tu. Alikuwa mzee wa miaka 82. Hatusemi hayo ili kumcheka, maana mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha, na waliomtoa walimwaga damu nyingi baadaye. Twasema tu kwamba fahari ya motokaa ni ya kuazimwa. Siku moja mtu mwingine atafungua mlango na kusema, "Shuka."

Na huko Kenya, mwaka 2009, serikali iliamua kwamba mawaziri warudishe Mercedes zao, wapewe Volkswagen Passat zenye injini ya sentimita za ujazo 1,800. Baadhi yao walisita. Hebu fikirini: Passat ni motokaa nzuri sana, mwalimu mkuu wa huku kwetu angeiota usiku. Lakini kwa mtu aliyezoea nyota puani, hata kitu kizuri chaonekana kuwa adhabu. Hapo ndipo twaanza kuiona hatari yenyewe. Mtu hubadilika bila kujua, mpaka kipimo chake cha kutosha kinapotea.

Maandiko nayo hayakunyamaza, ingawa zamani hizo hapakuwa na injini. Mfalme Sulemani alikuwa na magari 1,400 ya kuvutwa na farasi, na gari moja lililetwa kutoka Misri kwa shekeli 600 za fedha. Alipokufa, watu walimwendea mwanawe na kumwambia kwamba nira ya baba yake ilikuwa nzito. Absalomu alipotaka kumpindua baba yake, jambo la kwanza alilofanya ni kujipatia gari na farasi na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Lakini katika Matendo ya Mitume twamkuta Mwethiopia mwingine, waziri wa malkia, mwekahazina wake, naye pia ameketi garini mwake njiani. Filipo alikuja mbio kwa miguu. Waziri yule hakufunga pazia. Alimwomba Filipo apande, aketi pamoja naye, amweleze chuo alichokuwa akisoma. Gari lile halikulaumiwa. Lilikuwa mahali pa watu wawili kukutana, na safari ile iliishia majini, kwa ubatizo, wote wawili wakiwa wameshuka.

Sasa tumefika pale tulipokuwa tukipaogopa. Yatupasa kueleza yaliyotokea Jumapili ile, maana kijana aliyetuuliza alikuwapo.

Mgeni wetu ni mtoto wa hapa, aliyesoma shule zetu, akafanikiwa mjini. Alikuja kumtolea Mungu shukrani, tena kwa unyenyekevu. Sisi wazee wa kanisa tulipoiona motokaa ile inaingia, tulifanya mambo matatu.

La kwanza, tulimwendea mzee mmoja aliyeketi benchi la mbele, ambaye ameketi hapo tangu kanisa letu likiwa la udongo na nyasi, tukamwambia asogee nyuma, kuna mgeni. Mzee alichukua fimbo yake, akaondoka bila neno. Ni sisi tunaoandika haya ndio tuliomwambia. Tumewafundisha watoto waraka wa Yakobo mara nyingi, pale anapowaonya wale wanaompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame kule. Tuliufundisha, tukausahihisha katika madaftari, tukatoa alama. Siku ya mtihani wetu wenyewe tulipata sifuri.

La pili, tulimweka kijana mwenye fimbo ailinde motokaa isiguswe na watoto. Watoto walitaka kujiona tu usoni mwake. Wengi wao kwao hamna kioo kikubwa.

La tatu ndilo baya zaidi. Wakati wa mnada wa mavuno, magunia ya mpunga na madebe ya asali yakinadiwa, mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu nyuma ya kanisa. Akina mama walikimbia huku na huku wakitafuta bodaboda. Mtu mmoja alinong'ona, "Kuna gari la mgeni." Nasi tukasikia, na tukajibu, "Hapana, viti vyake vitachafuka." Tulisema hivyo bila hata kumwuliza mwenyewe. Mama yule alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mama mkwe wake, wakashika njia ya hospitali. Hawakufika. Alijifungua kando ya barabara, akina mama wapitaji wakimzungushia khanga zao. Kwa rehema za Mungu mama na mtoto wote ni wazima, na mtoto atabatizwa mwezi ujao.

Mgeni alipata habari jioni, wakati wa chai. Aliweka kikombe chini. Alitutazama, akasema, "Walimu wangu, motokaa ilikuwa na nafasi nne. Kwa nini hamkuniambia?" Hatukuwa na jibu. Aliondoka kesho yake asubuhi, baada ya kwenda kumsalimu mama yule. Twafikiri aliondoka na huzuni, na huzuni hiyo tulimpa sisi.

Ndugu zangu, mtu anaweza kusema kwamba mambo yaliisha vizuri. Tusiupokee udhuru huo. Kama dereva amelewa na akafika salama, hajawa dereva mwema. Uzima wa mama yule ulikuwa wa Mungu, na uamuzi wa kumnyima nafasi ulikuwa wetu. Kama asingepona, uamuzi wetu ungekuwa ule ule, na tungeubeba kaburini.

Basi, kijana wetu, hili hapa jibu la pili. Kuwa na motokaa ya fahari kwaweza kuwa dhambi, na kwaweza kusiwe dhambi, nawe utajua kwa kuuliza. Uliza kwanza, imepatikanaje? Kama ni fedha ya dawa za zahanati, au ya madawati ya shule, basi ni wizi, hata kama ni pikipiki. Uliza pili, yule mwenyewe aweza kushuka? Aweza kuiacha na kwenda kwa miguu kumwona mgonjwa mahali ambapo njia imekatika? Uliza tatu, milango yake hufunguliwa kwa ajili ya nani? Milango minne si pambo. Mtu peke yake hahitaji zaidi ya mmoja.

Lakini kuna swali la nne, na hili ni letu sisi tusio na motokaa, tulio wengi. Je, sisi tunaitazamaje? Mara nyingi twamsema mwenye mali kuwa ana kiburi, kumbe sisi ndio tuliomtengenezea kiti cha enzi. Twamwogopa, twamsifu, twamhamishia wazee, twawafukuza watoto, kisha akifunga kioo twalalamika. Mgeni wetu siku ile hakuomba benchi la mbele, hakuomba mlinzi mwenye fimbo, wala hakumnyima mtu nafasi. Hayo yote tulimfanyia kwa jina lake. Dhambi ya motokaa ile ilikuwapo, naam, lakini haikuwa ya mwenye motokaa.

Wenzetu wa rika letu mnaikumbuka reli yetu ya kutoka Kaliua. Haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa wakati wa Waingereza ili kuchukua madini ya risasi kutoka Mukwamba. Madini yalikwisha, mgodi ukafungwa, lakini gari moshi liliendelea kuja, nasi tuliporipoti kazini mara ya kwanza tulilipanda, daraja la tatu, tukiwa tumebanana na kuku na magunia ya karanga. Mama mmoja tusiyemjua alitusogezea mtoto wake ili tupate pa kukalia. Hatukumwuliza reli ilikuwa ya nani, naye hakutuuliza sisi ni nani.

Wiki iliyopita tulimwendea yule mzee wa benchi la mbele kumwomba radhi. Tulimkuta anapepeta mpunga uani. Tulisema yote, hatukuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, benchi si langu, ni la kanisa. Ila siku nyingine mniambie kabla sijaketi. Kuinuka kunaniuma magoti." Tulicheka pamoja, lakini yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Jumapili hii ameketi pale pale. Tunawaomba wazee wenzetu wa kanisa pasiwe na mtu wa kumsogeza tena, aje nani, na aje na nini. Na siku mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali, mtu wa kwanza kuulizwa awe yule mwenye motokaa iliyo karibu. Aulizwe kwa heshima, na aachwe ajibu mwenyewe.

Ni sisi, mwalimu wenu mstaafu.